Mbona mwenzangu analia, mimi moyo umekufa ganzi?

Barua za toleo hili zimetoka Mtwara na Lindi, na karibu zote zinagonga mlango mmoja: likitokea janga linalogusa nchi nzima, kwa nini mmoja hapati usingizi kwa majonzi na mwingine anaendelea kunywa chai yake? Wanaojibu ni muuguzi wa afya ya akili na afisa ustawi wa jamii. Majina ya walioandika tumeyaacha, tumebakiza mahali wanapoishi.

SWALI: Shikamooni. Ghorofa la Kariakoo lilipoporomoka Novemba 16, 2024, nililia siku tatu. Sina ndugu aliyekufa pale, lakini simu haikunitoka mkononi. Hadi saa nane usiku nilikuwa naangalia watu wanavyofukua kifusi. Mume wangu aliposikia alisema "Inna lillahi", akabeba begi lake akaenda ghalani, maana ulikuwa msimu wa korosho. Jioni akala, akalala fofofo. Tangu siku ile namwogopa kidogo. Je, hana utu, au mwenye kasoro ni mimi?
*Mke wa mkulima, Naliendele*

JIBU: Marahaba, dada. Hatuoni kasoro kwako wala kwake, na tunakuomba sana usiupime utu wa mumeo kwa machozi ya siku ile.

Wazee walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Msiba wa mtaani una utaratibu huo. Mfiwa analia, jirani anasikia, anaepua sufuria jikoni, anafika. Turubai linafungwa, akina mama wanaingia ndani, wanaume wanatandika mikeka nje. Yupo wa kuchimba kaburi, yupo wa kufuata sanda, yupo wa kuchota maji. Na yupo yule anayekaa pembeni na daftari la rambirambi, kalamu sikioni, anaandika mstari kwa mstari: fulani 2,000, fulani unga kilo 5, fulani kuni mzigo mmoja. Hapo kila mtu ana pa kuuweka uchungu wake. Mwenye machozi analia. Asiye na machozi anashika jembe, wala hakuna anayemuuliza mbona hulii.

Janga la Kariakoo halikuja kwako namna hiyo. Liliingia kwa simu. Hakukuwa na mfiwa unayemjua, wala kaburi la kwenda kuchimba, wala daftari. Mtu ambaye uchungu wake hutokea mikononi akakosa pa kuushika, akaenda kwenye kazi iliyokuwepo, na kazi iliyokuwepo ilikuwa kupima korosho. Kenneth Doka na Terry Martin, wataalamu wa Marekani walioshughulikia maombolezo kwa miaka mingi, wanaeleza kwamba wako wanaoomboleza kwa hisia na wako wanaoomboleza kwa vitendo, na wengi wetu tumo katikati, tumeelemea upande mmoja. Wanaume wengi huelemea kwenye vitendo. Wanawake wa namna hiyo wapo pia, na hao husemwa vibaya zaidi.

Sasa tuje kwako. Jambo la kwanza la kujiuliza: usiku ule, uso uliokuwa unakujia ulikuwa wa nani? Kutoka Naliendele hadi Kariakoo ni zaidi ya kilomita 500, lakini kwa mtu wa Kusini Kariakoo ni karibu sana. Neno "machinga" lenyewe limetokana na Wamachinga wa Lindi, na hadi leo ni nadra kukuta ukoo huku usio na kijana aliyewahi kupanga bidhaa pale. Kama una mdogo wako au shemeji aliyewahi kukodi fremu mitaa ile, basi ulimwona yeye chini ya kifusi. Moyo hupima ukaribu kwa swali moja tu: angeweza kuwa wangu? Anayejibu ndiyo hulia. Anayejibu hapana husikitika, kisha huendelea na kazi.

Jambo la pili ni simu. Aprili 15, 2013 mabomu yalilipuka kwenye mbio za marathoni za Boston, Marekani. Katika wiki zilizofuata, watafiti Alison Holman, Dana Rose Garfin na Roxane Cohen Silver waliwahoji watu 4,675. Waliofuatilia habari zile saa 6 au zaidi kwa siku katika wiki ya kwanza walikutwa na dalili nzito za mshtuko kuliko hata waliokuwepo kwenye tukio lenyewe au karibu yake. Inashangaza, lakini fikiri: aliyekuwa pale aliliona mara moja. Wewe uliliona jengo likianguka mara mia, na mwili haujui kwamba ni jengo lile lile.

Na upande wa mumeo, watu wengi huamini kwamba asiyelia leo yatamlipukia kesho. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 kule Marekani, zaidi ya watu 2,000 walipewa nafasi ya kuandika wanavyojisikia. Wengine waliandika, wengine wakapita kimya. Mark Seery na wenzake wakawafuatilia kwa miaka 2, na waliochagua kukaa kimya ndio waliokuwa na nafuu zaidi. Tusitoe maana isiyokuwemo: huenda aliyeandika sana ndiye aliyekuwa ameumia zaidi tangu mwanzo. Ila kumlazimisha mtu atoe yaliyo moyoni kwa imani kwamba vinginevyo ataharibika, hilo halina msingi.

Likitokea jingine, fanya hivi. Habari usome mara mbili kwa siku, dakika 15 kila mara, asubuhi na alasiri, na isiwe ndani ya saa mbili kabla ya kulala. Soma maandishi, acha video. Kwenye WhatsApp ingia Mipangilio, halafu sehemu ya hifadhi na data, uondoe alama zote za picha na video kujipakua zenyewe. Hapo picha ya maiti haitakufungukia bila ridhaa yako. Simu ichajiwe sebuleni, usiilaze kitandani. Moyo ukienda mbio, weka nyayo zote mbili chini, vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe taratibu kwa hesabu ya 6, mara 10. Wengi hukosea kwa kuvuta pumzi nyingi na kwa haraka, wakaona kizunguzungu, wakadhani hali imezidi. Kinachotuliza ni kule kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta.

Na mumeo usimuulize "mbona hukulia?" Hapo atajitetea tu. Subiri siku mnapofanya kazi ya mikono pamoja, mnachambua korosho au mnamenya mihogo, macho yenu yako kwenye kazi, umwambie: "Siku ile ya Kariakoo ulipofika ghalani, mlizungumza nini?" Utashangaa. Ukitaka kujua kama kimya chake kina ugonjwa, usihesabu machozi. Angalia usingizi, hamu ya kula, hasira za ghafla na pombe iliyoongezeka. Mtu anayekula na kulala fofofo, bila hasira wala pombe kuongezeka, kwa kawaida yuko salama.

SWALI: Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kule Ukara Septemba 2018, redio ilitangaza hesabu ya waliokufa ikapita mia mbili. Nilisikia kama nasikia bei ya nazi. Lakini walipomtoa fundi mmoja akiwa hai baada ya siku mbili ndani ya kivuko kile, nililia mbele ya vijana wangu wote wa mtumbwini. Iweje wafu mia mbili wasinilize, mzima mmoja aniangushe?
*Mvuvi, Kilwa Masoko*

JIBU: Kwa sababu moyo hauna hesabu ya kuzidisha, ndugu yetu. Unajua moja. Ukipewa mia mbili haulii mara mia mbili. Mara nyingi unalia kidogo kuliko ungemlilia mmoja.

Hili limepimwa. Mwaka 2007 Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha jaribio walilofanya Marekani. Watu walipewa dola 5 na nafasi ya kuchangia wenye njaa Afrika. Walioonyeshwa picha ya Rokia, binti wa miaka 7 wa Mali, walitoa wastani wa dola 2.38. Waliosomewa takwimu za mamilioni ya wenye njaa walitoa 1.14. Na walioonyeshwa Rokia pamoja na takwimu walitoa 1.43. Hilo la mwisho ndilo linalotuuma zaidi: takwimu zilipokaa karibu na mtoto, zilimzima mtoto. Watafiti wengine, Daryl Cameron na Keith Payne, wanaongeza kwamba mtu akihisi kilio kitakuwa kikubwa kuliko uwezo wake, huufunga moyo kabla hakijaingia, kama unavyoshusha tanga ukiona wingu jeusi. Wahenga nao walisema kifo cha wengi harusi. Methali hiyo huchukuliwa kama faraja, kwamba shida ya pamoja ni nyepesi. Inaeleza vilevile kwa nini hesabu kubwa husikika kama kelele za umati.

Na kwa yule fundi kuna la ziada. Wewe unajua chombo kilichopinduka kikoje ndani. Unajua giza lile, hewa iliyobanwa juu, maji yanayofika kifuani. Mtu wa Dodoma asiyewahi kupanda chombo alimsikia kwa masikio tu. Wewe ulimsikia kwa mwili mzima.

Ganzi ya namna hii haihitaji tiba, lakini ina madhara kwa waathirika, kwa sababu msaada hufuata sura iliyoonekana kisha huisha sura ikisahaulika. Picha ya mtoto wa Kisiria aliyekutwa ufukweni Uturuki Septemba 2015 ilipandisha ghafla michango ya Msalaba Mwekundu wa Sweden. Wiki kama 6 baadaye ilikuwa imeshuka tena. Watu wa Kilwa mnalijua hili. Kimbunga Hidaya na mvua zake Mei 2024, barabara ya Kusini ilipokatika Somanga, mlitajwa kila taarifa ya habari. Baada ya hapo nyavu zilizopotea hazikutajwa tena. Huko Mwanza waliisikia Kilwa kama wewe ulivyoisikia Ukara.

Kwa hiyo usiungoje moyo uguswe ndipo utoe. Amua kiasi ukiwa umetulia. Kama ni 6,000, toa 2,000 wiki ya kwanza, 2,000 baada ya arobaini, na 2,000 mwezi wa tatu, wakati turubai limeshaondolewa na mfiwa amebaki na madeni. Ukitaka moyo ushike, acha hesabu, mtafute mmoja: alikuwa anatoka wapi, anaenda kufanya nini, nani alikuwa anamngoja. Mambo hayo matatu yanatosha.

SWALI: Shikamooni. Ajali ya gari la shule hapa Mikindani Julai 26, 2022 ilichukua watoto wa mtaani kwetu. Wangu hawakuwemo. Mdogo, wakati huo darasa la kwanza, wiki ile ile alikuwa anacheza "ajali" na wenzake: wanapindua boksi, wanajilaza, wanacheka. Nilimchapa. Dada yake wa darasa la sita hakulia wala kusema neno. Sasa yuko sekondari, na bado hapandi basi la shule. Akiliona jasho linamtoka. Nani kati yao aliumia, na nifanye nini?
*Mama, Mikindani*

JIBU: Marahaba, mama. Pole sana, wewe na mtaa wote.

Tuanze na mdogo, ingawa viboko vimeshapita. Ule mchezo ulikuwa maombolezo yake. Mtoto wa miaka 6 au 7 hana maneno ya kubeba jambo lile, basi hulirudia kwa mikono mpaka lipungue ukubwa. Tena huzuni ya mtoto ni kama madimbwi ya mvua: anaingia, analowa, anatoka, dakika tano baadaye anaomba mpira. Mtu mzima anayetembea mtoni siku nzima akimwona hudhani hajalowa. Chini ya miaka 5 wengi hata hawajui kwamba kufa hakuna kurudi. Huanza kulielewa polepole kati ya miaka 5 na 7. Ndiyo maana tunasisitiza neno "amekufa". Ukisema "amelala", ataogopa kulala. Ukisema "amesafiri", atakaa mlangoni kumngoja.

Mchezo wa namna ile acha uendelee, ukae karibu, usikilize. Ingilia pale tu unapojirudia kwa wiki 4 na zaidi bila kubadilika, bila hata siku moja kuwa na mtu anayeokolewa, na mtoto anatoka kwenye mchezo akiwa na hofu kuliko alivyoingia. Muombe radhi kwa viboko. Mwambie: "Siku ile nilikuchapa kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa na huzuni, hukukosa." Atakuwa anakumbuka.

Dada ndiye anayehitaji kazi. Kimya chake cha siku zile kilikuwa bumbuwazi, mshtuko uliomzidi, kisha hofu ikajificha ndani ya basi. Kila alipolikwepa alipata nafuu ya papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo iliyoifuga hofu miaka yote hii. Itabidi mwili wake ujifunze upya, kwa ngazi ndogo ndogo.

Mwambie aipime hofu yake kuanzia 0 hadi 10, ambapo 10 ni kukimbia. Mpange pamoja ngazi sita au saba, yeye ndiye aseme. Mfano: kutazama picha ya basi, kusimama hatua 20 kutoka kwenye basi lililoegeshwa, kuligusa, kukaa ndani injini imezimwa, mlango wazi, kukaa injini ikinguruma, kupanda mwendo wa kituo kimoja ukiwa kando yake, kupanda peke yake. Anzeni na ile aliyoipa 3 au 4. Akae hapo hofu ishuke hadi nusu ya ilipoanza, mara nyingi ni dakika 20 hadi 45, ndipo mwondoke. Mrudie ngazi ile ile siku nyingine mpaka ianze na 2, kisha mpande.

Yanayoharibu ni haya. Kumtoa wakati hofu iko juu kabisa: hapo mwili unajifunza kwamba umeponea chupuchupu, na kesho itakuwa mbaya zaidi. Kumsukuma ngazi ya mwisho siku ya kwanza kwa sababu "ameshakuwa mkubwa". Kumpa zawadi kubwa kiasi kwamba anadanganya hesabu yake ili aipate. Na kumtania mbele ya wadogo zake. Dereva aelezwe mapema asipige honi ghafla. Akikwama ngazi moja wiki mbili, au akianza kuamka usiku akipiga kelele, usiendelee peke yako. Ulizia kliniki ya afya ya akili, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa walioko Lindi. Mtoto mwenyewe au mzazi anaweza pia kupiga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, bila malipo.

SWALI: Babu mzaa baba alifariki Februari 2020, sikutoa chozi hata moja. Julai 24 mwaka huo huo akafariki Rais mstaafu Mkapa, nikalia mpaka alipozikwa Lupaso Julai 29. Ndugu zangu hadi leo wananisema kwamba ninalilia wakubwa. Wana haki?
*Kijana, Masasi*

JIBU: Hawana. Msiba wa babu yako ulikukuta kazini. Kijana wa kiume ndiye anayetumwa: nenda sokoni, fuata viti, pigia wa Newala, andaa pikipiki ya shehe au ya katekista. Uchungu uliambiwa usubiri, ukasubiri. Miezi mitano baadaye redio ikatangaza siku 7 za maombolezo, bendera nusu mlingoti, nyimbo za majonzi asubuhi hadi jioni, na wewe hukutumwa popote. Kilichokuwa kinasubiri kikatoka.

Ndivyo ilivyo kwenye vilio vya hadhara. Kila aliyepo analilia na wake. Halafu Mkapa kwa watu wa Masasi hakuwa jina la gazetini tu. Alikuwa mtoto wa Lupaso, na daraja la Rufiji lililofunguliwa 2003 na kubeba jina lake lilibadilisha safari ya kila mtu wa Kusini. Anayemlilia kiongozi wa namna hiyo hulilia pia miaka yake mwenyewe: nani alimpandisha basi kwenda Dar kwa mara ya kwanza, nani alimpokea. Kama aliyekupandisha ni babu, unaona mwenyewe machozi yalikuwa yanakwenda wapi.

Chukua jembe, nenda kapalilie kaburi lake. Peke yako, bila kamera.

SWALI: Mimi ni muuguzi. Siku za majeruhi wengi sisikii kitu kabisa, nafunga jeraha kama nashona gunia. Nyumbani sasa mwanangu akijikwaa nako sisikii. Nimeharibika?
*Lindi Mjini*

JIBU: Ile ya wodini ni chombo cha kazi, bila hiyo mikono ingetetemeka. Tatizo ni kwamba imekufuata nyumbani, na hiyo ni dalili ya uchovu wa huruma unaowapata wanaohudumia walioumia. Weka mpaka ambao mwili utauona: vua sare kazini kabla ya kutoka, nawa mikono hadi viwiko, tembea dakika 10 bila simu kabla ya kuingia ndani. Baada ya zamu nzito mkae wawili watatu dakika 10, kila mmoja ataje jambo moja lililomkaa kichwani na jambo moja alilolifanya vizuri, basi. Msirudie picha za majeraha kwa kina, mtaambukizana. Omba kubadilishwa wodi kwa miezi 2 au 3, na uombe sasa, kabla hujaanza kuwakaripia wagonjwa.

SWALI: Mama yangu anaishi kijiji cha jirani na Kitaya, kando ya Ruvuma. Tangu watu wenye silaha kutoka ng'ambo ya mto, Msumbiji, walipovamia Kitaya Oktoba 2020 amebadilika. Hata alipofariki dada yake mwaka jana alikaa msibani kama mgeni. Anasema, "Sisikii uchungu, sisikii furaha." Redio ikianza habari za ng'ambo ya mto anatoka nje. Mlango ukijibamiza anaruka. Wifi zangu wanasema ana moyo wa jiwe. Duka la dawa wametupa vidonge vya usingizi.
*Binti, Mtwara Mjini*

JIBU: Mdogo wetu, hii ni ganzi ya aina nyingine kabisa, na tunakushukuru kwa kuandika. Ya mume wa Naliendele ilihusu msiba wa mbali, nayo ilipita. Ya mama yako imekaa miaka, imefunga uchungu pamoja na furaha, na imekuja na wenzake wawili: kukwepa na kushtuka. Hayo matatu yakikaa pamoja zaidi ya mwezi 1 mara nyingi ni dalili za ugonjwa unaojulikana, wa kiwewe, na unatibika hata baada ya miaka mingi. Haumwi moyo wa jiwe. Mwili wake bado uko Oktoba 2020, unalinda mlango.

Vidonge vya usingizi msimwongezee. Shirika la Afya Duniani linashauri dawa za jamii ya diazepam, ambazo hutolewa pia kama vidonge vya usingizi, zisitolewe kwa mshtuko wa namna hii katika mwezi wa kwanza, na zikizoeleka huleta shida yake. Lakini kama ameshazitumia wiki kadhaa mfululizo, asiziache ghafla. Mwili unaweza kumgeukia kwa kutetemeka, kukosa usingizi kabisa na hata degedege. Zipunguzwe kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari.

Usimkalishe kitako umwambie "tusimulie siku ile, utapona." Kusimulia kwa kina ni sehemu ya tiba, ila hufanywa na aliyefunzwa, kwa utaratibu, kawaida vikao 8 hadi 12, kimoja kwa wiki. Kikifanywa na ndugu jioni moja huwa ni kumrudisha kule na kumwacha huko. Kazi ya ndugu ina maneno matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia kama yuko salama na anakula. Sikiliza anachotaka kusema, hata kikiwa cha mbuzi tu. Muunganishe na huduma, na watu, na ibada yake kama alikuwa na kikundi cha kanisani au darasa la msikitini.

Hospitali mwende asubuhi, mbebe chakula, maana mtasubiri. Mkifika msiseme "hapati usingizi" peke yake. Mtapewa vidonge vingine mrudi. Andika kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani: tukio lilikuwa lini, ndoto zinarudi mara ngapi kwa wiki, anakwepa nini, anashtushwa na nini, ameacha kufanya kazi zipi, dawa gani anatumia na kwa muda gani. Ulizia dirisha la afya ya akili moja kwa moja. Akiwahi kusema ni heri angekufa, liwe jambo la kwanza kulitaja, na msirudi nyumbani kabla hajaonwa. Akipewa dawa za kumeza kila siku, mweleze kwamba kazi yake huanza kuonekana kati ya wiki ya 2 na ya 6. Wengi huziacha wiki ya kwanza wakisema hazifai.

Nyumbani, milango iwekewe kipande cha ndala ya zamani isijibamize. Na wifi zako wasomee barua hii mama akiwa hayupo.